Kabla hujanunua miwani ya VR ya nyumbani

Miwani ya VR hufunika macho na kukuonyesha dunia ya kidijitali pande zote, kana kwamba umo ndani yake. Kabla ya kuinunua, tafuta futi kamba kwanza, bei baadaye. Michezo ya kusimama na kujongea inataka nafasi wazi ya mita 2 kwa 2. Sebule yangu hapa Tabata inafika hapo nikishasukuma meza ya kioo hadi ukutani, na bado siku ya kwanza nilipiga feni kwa mkono wa kulia.

Kwa anayeanza, nashauri miwani iitwayo Meta Quest 3S. Ilitoka Oktoba 2024 kwa dola 299 kule Marekani, na haihitaji kompyuta. Weka pembeni hela ya usafiri, ushuru, michezo yenyewe na bando la kuipakua. Chaji hukaa saa 2 hivi.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote: lenzi zisipigwe na jua. Miale ikipenya huunguza kioo cha ndani, na doa hilo halitoki. Mimi nikivua tu, nafunika kwa kanga.

Kichwa kikianza kuzunguka, vua papo hapo, usijikaze.

Kama nyumbani mko wanne mnaopokezana, nunua. Ukiwa peke yako, kaazime kwanza kwa rafiki wikendi mbili.