Kufundisha maigizo ya papo kwa papo: uanze na mbinu ipi?

Darasa la kawaida la maigizo haya yasiyoandikwa, Moshi au Arusha, huwa na vijana kumi hadi kumi na watano, kwenye ukumbi wa kukodi au wa parokia, Jumamosi kwa muda wa saa mbili. Wengi wamekulia kwenye vichekesho vya televisheni na ni wepesi wa maneno. Wepesi huo ndio kikwazo cha kwanza. Wawili wakisimama, kila mmoja anataka kuvunja watu mbavu, na haipiti nusu dakika kabla hujui wako wapi wala wanafanya nini. Chagua mbinu ya kuanzia kwa kuangalia kasoro hiyo. Umaarufu wa mwanzilishi uweke pembeni.

Kwa darasa la namna hii, anza na Viola Spolin. Huyu mama wa Chicago alijenga mafunzo yake juu ya michezo ya watoto na kuyachapisha kitabuni mwaka 1963. Mwanawe, Paul Sills, alikuwa miongoni mwa walioanzisha The Second City, kundi la vichekesho la Chicago, mwaka 1959. Kiini cha kazi yake ni kwamba kila zoezi lina jambo moja tu la kushughulikia akili. Mwigizaji akilishika hilo, hana nafasi ya kutunga utani.

Chukua zoezi la kuvuta kamba isiyokuwepo. Wasimamishe wawili, hatua nne kati yao, bila maneno, kwa dakika mbili. Jambo la kushughulikia ni kamba yenyewe. Wewe unawachagiza kutoka pembeni bila kuwasimamisha: "Iangalie kamba! Ina unene gani mkononi? Miguu nayo inavuta!" Wakimaliza, waulize watazamaji kama kamba ilikuwa hewani kati yao au ilikuwa vichwani mwao tu. Usiulize kama wamefanya vizuri, maana Spolin aliona kiu ya kusifiwa ndiyo inayomfunga mwigizaji. Kosa utakaloliona karibu kila mara ni kamba kurefuka kama mpira: mmoja anarudi nyuma, mwenzake yupo palepale, kwa sababu macho yake yako kwa watazamaji. Wape kamba ya kweli ya katani wavutane nusu dakika, kisha iondoe na warudie papo hapo kabla mikono haijasahau uzito. (Wakati wa masika, Machi hadi Mei, mvua ikipiga bati sauti yako haitafika. Kubaliana nao alama za ngoma: pigo moja, tazama mwenzako; mawili, punguza mwendo.)

Udhaifu wa Spolin ni kwamba wanafunzi wanaweza kucheza michezo majuma sita bila kuweza kusimamisha hadithi. Hapo ndipo aingie Keith Johnstone, Mwingereza aliyeanzia ukumbi wa maigizo wa Royal Court, London, kabla ya kuhamia Calgary, Kanada. Yeye alifundisha hadhi: nani yuko juu, nani yuko chini, na inavyobadilika. Huku kwetu huna haja ya kueleza sana, shikamoo imeshafanya kazi hiyo. Wape mandhari ya mitumba ya Memorial, Moshi: muuzaji kijana, mteja mama wa makamo.

"Shikamoo mama, karibu."
"Marahaba. Hili shati bei gani?"
"Elfu nane, mama."
"Elfu nane? Limetoboka hapa."

Mara ya kwanza kijana awe chini: anagusa uso, kichwa kinachezacheza, sentensi anazikatiza. Mara ya pili maneno yawe yaleyale, ila kichwa kitulie anapozungumza na asiharakishe jibu. Shikamoo ileile sasa inampandisha, na darasa litacheka bila utani wowote. Wakianza kupiga kelele na kutukanana, ujue wamepeana hadhi za mbali mno. Johnstone alitaka tofauti ndogo, juu kidogo au chini kidogo ya mwenzako, kwa kuwa ndogo ndiyo inayoonekana ya kweli.

Hapa pia ndipo wanajifunza kupokea anacholeta mwenzao. Mmoja akisema "mama, hilo shati lilikuwa la marehemu baba", mwenzake asikatae. Lakini kupokea si kusema "ndiyo" kwa kila kitu. Mteja anaweza kugoma kununua, mradi ndani ya igizo baba abaki ni marehemu.

Harold usiikimbilie. Ni onyesho refu la nusu saa hivi lililozaliwa San Francisco mwaka 1967 na kundi la The Committee, akiwemo Del Close, na baadaye yeye na Charna Halpern wakalifundisha Chicago. Neno moja la watazamaji linazaa ufunguzi, kisha matukio matatu yanayorudi mara tatu, na michezo ya kundi zima katikati. Bila mwaka mmoja wa mazoezi pamoja, mzunguko wa pili huwa marudio matupu ya ule wa kwanza.

Kama watazamaji wako ni wa mtaani, baada ya Johnstone nenda kwa Augusto Boal, Mbrazili aliyekuza jukwaa la mjadala miaka ya 1970. Tayarisha igizo la dakika kumi linaloisha vibaya: kwa mfano, dada amemuuguza baba hadi mwisho, lakini kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachaga, kinakwenda kwa kaka kwa sababu ndiyo mila. Lirudieni tangu mwanzo, mtazamaji yeyote apige "simama!", achukue nafasi ya dada na ajaribu njia yake. Asimbadilishe kaka. Kaka akigeuka mwema ghafla, tatizo limefutwa na hakuna kilichojaribiwa. Mwezeshaji asitoe jibu. Aulize tu kama hilo lingewezekana Kibosho au Marangu.

Ugawaji unaofaa majuma manane: matatu Spolin, matatu Johnstone, mawili Boal. Ndani ya zoezi moja usichanganye mbinu, kwani anayeambiwa aangalie kamba na apandishe hadhi kwa pamoja ataishia kuropoka. Na siku ya Boal, panga mabenchi kwa nusu duara na uache njia pana mbili. Mtu akikwama katikati ya magoti ya watu, mpaka afike mbele hoja yake imeshapoa.