Kuchagua nyimbo za Kijapani kwa karaoke ya kuagana: tuanze na sakura

Huku Japani mwezi wa Machi ni mwezi wa kuagana. Mwaka wa masomo unafungwa, mpya unaanza Aprili, na hapo katikati miti ya sakura, yaani cheri ya Kijapani, inachanua kwa muda wa wiki moja hivi kisha maua yanapukutika. Kila ofisi na kila maabara ya chuo hufanya sherehe ya kuagana, soubetsukai, na wakishakula watu huhamia karaoke.

Mwaka huu mdogo wetu mmoja aliyekuja kusoma alinipigia usiku. "Kaka, shikamoo. Wenzangu wamenipa kazi ya kuchagua nyimbo, na mada ni sakura. Naanzia wapi?" Tulikaa jioni mbili, na haya ndiyo tuliyofanya. Nayaandika kwa sababu nami niliwahi kuyahitaji nikakosa wa kumuuliza.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya muda

Chumba cha karaoke hulipiwa kwa kila mtu kwa kila nusu saa, au kwa bei moja ya muda mrefu. Wimbo mmoja ni dakika nne au tano, kwa hiyo saa mbili ni nyimbo 24 hadi 30 tu. Weka nyimbo 10 tu za mada. Zinazobaki waachie watu waimbe wanachopenda, maana mada ikibana usiku mzima watu wanachoka.

Hatua ya 2: Amua ni sakura ya namna gani

Sakura kwenye nyimbo za Kijapani si ua tu. Kuna sakura ya kumuaga rafiki, kuna ya penzi lililovunjika, na kuna ya kuanza maisha mapya. Ukizichanganya bila kujua, unaweza kumwimbia profesa anayestaafu wimbo wa mtu anayemkumbuka mpenzi wake. Mfano ni "Sakurazaka" wa Masaharu Fukuyama, wa mwaka 2000. Ni wimbo mzuri mno, wa taratibu, lakini ni wa penzi lililopita. Uweke katikati ya usiku, usiuweke kwenye kuaga.

Wimbo wa kuagana hasa, kwangu mimi, ni "Sakura" wa Naotarō Moriyama wa mwaka 2003. Mwimbaji anamuaga rafiki kwenye njia yenye miti ya sakura pande zote, akiamini kwamba watakutana tena. Ukiwa na nafasi ya wimbo mmoja tu, chukua huo.

Wala jina la wimbo si lazima liwe na neno sakura. "Cherry" wa Spitz (1996) unaingia vizuri, na "Haru yo, Koi" wa Yumi Matsutoya (1994) pia, ingawa maneno yake ni ya Kijapani cha kale na yanamsumbua hata mwenye lugha. Kipimo nilichompa mdogo wangu ni hiki: kama huwezi kueleza wimbo unasema nini kwa sentensi moja ya Kiswahili, usiuweke kwenye orodha.

Hatua ya 3: Hakikisha wimbo uliouchagua ndio utakaopigwa

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipoumia.

Machi yangu ya kwanza huku nilifanya mazoezi ya wimbo wa Moriyama kwa wiki mbili, kwa ajili ya kaka mmoja wa maabara aliyenipokea na kunifundisha kila kitu. Zamu yangu ilipofika nikachukua tableti ya kuchagulia nyimbo, nikaandika sakura, nikaona さくら, nikabonyeza. Ikaanza midundo, kisha maneno ya kurap yakimiminika kwenye skrini. Ulikuwa wimbo wa Ketsumeishi wa mwaka 2005. Unaitwa "Sakura" na umeandikwa kwa herufi zilezile za hiragana, ambazo kila moja ni silabi. Nikasimamisha, nikaomba radhi, nikatafuta tena, nikapata toleo la kwaya. Kufikia hapo ile hali ya kuagana ilikuwa imeshapotea chumbani, na yule kaka aliondoka kesho yake asubuhi.

Wiki iliyofuata nilirudi peke yangu. Wajapani wana neno la kwenda karaoke peke yako, hitokara, na hakuna anayekushangaa. Nililipia masaa matatu nikaichambua sakura moja baada ya nyingine. Niliyoyapata ni haya.

Neno ni moja, maandishi ni mengi. Moriyama na Ketsumeishi wanaandika さくら. Kobukuro (2005) wanaandika 桜, kwa kanji, herufi zilizotoka Uchina. Ikimono-gakari (2006) wanaandika SAKURA, kwa herufi za Kilatini. Zote zinasomwa sawa, kwa hiyo ukitafuta kwa jina la wimbo zinakuja pamoja, na nyingine tele zinazoanza na neno hilo. Orodha yako usiiandike kwa herufi zetu peke yake, la sivyo utakuwa na "Sakura" nne usizoweza kuzitofautisha.

Tafuta kwa jina la mwimbaji, 歌手名, usitafute kwa jina la wimbo, 曲名. Ukibaki na jambo moja tu kutoka kwenye mwongozo huu, baki na hili. Jina la mwimbaji liandike kwa kana (herufi za silabi, kama hiragana) kwenye simu yako kabla hujatoka nyumbani: もりやまなおたろう. Ukifika unanakili tu.

Ukishampata mwimbaji, angalia toleo. Wa Moriyama una 独唱, maana yake mtu mmoja anaimba, na 合唱, yaani kwaya. Unataka 独唱. Ukiona 本人映像, skrini itaonyesha video ya mwimbaji mwenyewe. 生音 ni muziki uliorekodiwa kwa vyombo halisi. Matoleo ya jukwaani, ライブ, mimi siyagusi kabisa, kwa sababu kiitikio kinaweza kurudiwa mara ambazo hukuzizoea na ukaachwa na maiki mkononi.

Kisha kuna suala la mashine. Kampuni kubwa ni mbili, DAM na JOYSOUND, na kumbi nyingi zina vyumba vya zote mbili. Mapokezi watakuuliza unataka ipi. Hazina nyimbo sawasawa, na namba za nyimbo hazifanani: za DAM ni tarakimu nne, kistari, kisha mbili. Tovuti ya kila kampuni inakuruhusu kutafuta wimbo na kuona namba yake, kwa hiyo amua mashine kwanza ndipo unakili namba. Mimi naomba DAM siku zote. Nimeizoea, na orodha yangu yote ina namba zake. Ukiwa na namba hutafuti chochote, unaingiza na kazi imekwisha.

Hatua ya 4: Kii

Kii ni kimo cha sauti ambacho wimbo unapigwa. Wajapani nao wanaita kii, kwa hiyo hapo tunaelewana. Kwenye tableti kuna ♭ ya kushusha na ♯ ya kupandisha, na kila kubonyeza ni nusu toni. Jaribu kiitikio, usijaribu ubeti wa kwanza. Moriyama anaanza kwa upole kisha sauti inaruka juu sana, na mwanaume wa kawaida atahitaji kushusha tatu au nne.

Mwanaume akiimba wimbo wa mwanamke, kama huo wa Ikimono-gakari, mara nyingi anashuka oktavu nzima bila kujijua, na kwenye ubeti sauti inazama. Watu wengi hapo wanazidi kushusha kii. Pandisha, tatu hadi tano. Andika namba hiyo kando ya jina la wimbo, uiweke wakati wa kuingiza wimbo kwenye foleni, siyo ukishaanza kuimba.

Hatua ya 5: Maneno

Jifunze hiragana kwanza, kwa sababu juu ya kanji huwa kuna kana ndogo za kukusaidia kusoma. Nyimbo za kurap ziache mpaka usomaji uwe mwepesi.

Sisi tuna bahati. Irabu zao ni a, e, i, o, u kama zetu, na silabi nyingi zinaishia na irabu. Hata ile n inayosimama peke yake haitusumbui: ni kama n ya nchi au m ya mtu, ina pigo lake na mara nyingi ina noti yake. Mwenzangu wa Ulaya alihangaika nayo muda mrefu. Mdogo wangu aliipata siku ileile. Kinachotuangusha ni irabu ndefu. Moriyama anaitwa Naotarō, na hiyo ō ni mapigo mawili. Ukiimba moja, unafika mwisho wa mstari kabla ya muziki. Mdogo wangu alikuwa akigonga kidole mezani kwa kila kana, na jioni ya pili hakuhitaji tena kugonga.

Hatua ya 6: Foleni

Anza na wimbo ambao wote wanaujua, za taratibu zisifuatane zaidi ya mbili. Zima maksi ambazo mashine humpa kila anayeimba, zinakula muda na hakuna aliyekuja kushindana.

Dakika kumi kabla ya muda kwisha, simu ya ukutani italia. Jibu "hai", yaani ndiyo, usiongeze muda, na usimruhusu mtu kuingiza wimbo mpya. Ingiza ile namba ya Moriyama uliyoiandika, maiki moja mpe anayeondoka, na ya pili ipite mkono kwa mkono.