Somo: Zoezi la siku moja Newala kwa wanaojiandaa na Kilimanjaro

Wakuu habari zenu, naona watu wa Mtwara wengi mnajiandaa na Kilimanjaro kwa kukimbia pale Shangani ufukweni, sio mbaya, pumzi utapata, ila mlima hauna tambarare ile.

Cheki hesabu ya njia ya Marangu. Usiku wa kilele unatoka kambi ya Kibo mita 4720 mpaka kilele cha Uhuru 5895, halafu hulali huko, unateremka mpaka kambi ya Horombo 3720. Kupanda mita 1175, kushuka 2175, siku hiyohiyo! Kushuka hakuna anayefanyia zoezi, ndo maana watu wanarudi kucha nyeusi na magoti yanauma wiki nzima.

Sasa twende Shimo la Mungu, ule mteremko mkali hapo Newala.

1. Lala Newala, alfajiri uwe ukingoni. Pale unaanza kushuka kuelekea bonde la Ruvuma na kupanda kunakuja mwishoni ukiwa umechoka na jua limeshawaka, kwahiyo ukichelewa utajuta. Nenda na mwenyeji anayejua njia. Kipindi cha mvua achana nako, nenda kuanzia Juni.

2. Begi: maji lita 4, korosho, ming'oko ya kuchemsha, chumvi kidogo, sweta. Usiende mikono mitupu eti ni mazoezi tu.

3. Viatu, hapa ndo penyewe. Kata kucha siku mbili kabla. Kabla ya kushuka kaa chini, gonga kisigino kirudi nyuma kabisa ndani ya kiatu, kisha kaza kamba pale kifundoni, vidoleni acha nafasi. Simama upige ncha ya kiatu kwenye jiwe, kidole kikigusa mbele fungua ufunge upya, kikigusa tena hicho kiatu sio chako.

4. Shuka hatua fupi, goti limepinda kidogo, usijiachie ukimbie kama watoto.

5. Ukishakunywa theluthi ya maji geuza, hata kama bonde bado liko mbali. Kupanda ni polepole, ukishindwa kumaliza sentensi bila kuhema punguza mwendo.

MASWALI

Swali: Kaka mie nipo Masasi, Newala lazima?
Jibu: Hapana, una milima ya mawe hapohapo. Mvua ikinyesha tu usiguse, ule mwamba unateleza balaa.

Swali: Nikirudia hilo zoezi mara nyingi nitazoea hewa nyembamba?
Jibu: Hapana mkuu. Newala haifiki hata mita 1000, wakati Mandara tu, kambi ya kwanza, ni 2720. Huku unajenga miguu, hewa utaizoea kulekule, kwahiyo ukiweza ongeza siku moja Horombo. Kichwa kikiuma na kutapika usiendelee kupanda, na ukianza kuyumba kama mlevi unashushwa muda huohuo hata iwe usiku, usimfiche guide kisa umeshalipa hela.

Swali: Naomba kuuliza, viatu vya mtumba vinafaa?
Jibu: Vinafaa sana dada, vingine vizuri kuliko vya dukani. Ila vilivyokaa miaka gundi inakufa, soli inabanduka ukiwa katikati ya njia. Vikunje kwa mikono mbele ya muuzaji, ukiona nyufa pembeni ya soli mwachie mwenyewe.