Jinsi ya kumrudisha mtoto nje bila kupigana naye kila siku juu ya simu

Mzazi mwenzangu, likizo inakuja na najua vile itakuwa kwa nyumba nyingi hapa Kampala, mtoto anaamka hata uso hajanawa anauliza simu iko wapi. Mi nina watatu, wa miaka 12, 8 na 4, na yule mkubwa ndo amenifunza haya yote. Shule zilipofungwa Machi 2020 alikuwa bado mdogo kabisa, hazikufunguliwa kikamilifu mpaka tarehe 10 Januari 2022, karibu miaka miwili nzima, masomo yakaja kwa simu yangu, na ukishampa mtoto simu ya masomo, gemu iko hapo hapo chini ya kidole. Simlaumu. Lakini ikafika mahali mtoto wa miaka kumi anapanda ngazi za jengo la orofa tatu anahema kama mzee, na akiitwa kula anaitika baada ya mara tano. Nikasema hapa lazima tufanye kitu. Nilianza na ushauri wa kila mtu, nyang'anya simu ufiche kabatini, na haukudumu hata siku nne. Sasa naandika vile tulikuja kufanya.

Kabla ya kugusa simu, jiulize nje kuna nini. Mi nilikulia barracks ya polisi Nsambya, Kiswahili hiki nilikiokota pale pale kwa vumbi, watoto wa Kiacholi, wa Kilugbara, wa Kiteso, wa Kiganda, wote tunagombania mpira kwa Kiswahili kimoja. Hakuna mzazi aliyewahi kutuambia tokeni nje mkacheze, shida yao ilikuwa kuturudisha ndani. Nje kulikuwa na watu. Mtoto wangu anaishi Bweyogerere ndani ya geti, ukuta mrefu, kompaundi yote magari, jirani hatumjui hata jina, alafu ndani ya simu wenzake wote wa darasa wako wanacheza saa hiyo hiyo wanamwita. Ningekuwa yeye ningeenda wapi? Kwa hiyo ukichukua simu bila kumpa watu, umemwachia shimo tu, na atalilia hilo shimo mpaka uchoke umrudishie.

Anza na wiki moja ya kuangalia bila kukataza kitu. Kama ni simu ya Android, ingia settings, kuna sehemu ya Digital Wellbeing inaonyesha kila apu imekula saa ngapi kwa siku. Chukua kadaftari andika pia saa anayoanza, gemu gani, anacheza na nani, na saa gani anakuwa mkali. Mimi nilidhani tatizo ni usiku, kumbe kwetu ilikuwa saa nane mchana mpaka saa kumi na moja jioni, wakati mi niko kazini na mama yao yuko sokoni na dada wa kazi anaona bora simu kuliko kelele. Ukishajua saa, huna haja ya kupigana na siku nzima.

Hesabu za kulinganisha nazo zipo. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo 2019 wa watoto chini ya miaka 5, linasema ambaye hajafika miaka 2 asikae mbele ya skrini kabisa, wa miaka 2 mpaka 4 isizidi saa moja kwa siku na ikipungua ni bora zaidi, na kwa siku awe amejongea dakika 180, zimegawanyika tu, si lazima mfululizo. Kuanzia miaka 5 mpaka 17 wanataka wastani wa dakika 60 kila siku za kujongea kwa nguvu, ile ya moyo kudunda na jasho kutoka. Nilipopima wangu mkubwa hakuwa anafika hata 20, na hizo ni za kutembea kutoka kwa stage ya taksi.

Sasa tafuta watu kwanza, uwanja baadaye. Hii ndo hatua iliyobadilisha kila kitu kwetu na ndo watu wanairuka. Nenda gonga geti la jirani, ndio utaona haya, mi pia niliona haya, jitambulishe, sema wazi nina watoto wa umri fulani nawe unao, tunaweza kuwatoa pamoja saa kumi na nusu jioni mpaka giza linapoanza? Nyumba tatu zinatosha kabisa. Sisi tulianza na nyumba tatu, watoto saba, tukapanga zamu mzazi mmoja akae nao, Jumatatu mimi, Jumatano baba wa pili, Ijumaa jajja, yaani bibi, wa ile nyumba ya kona ambaye alifurahi kuliko watoto. Uwanja ukikosa, muulize mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya mtaa, yeye anajua kiwanja gani hakijajengwa na mwenyewe ni nani, au ombeni uwanja wa kanisa au msikiti jioni, wengi wanakubali mkiahidi kuokota takataka. Tembeeni mara moja huo uwanja kabla ya watoto, angalieni mfereji wa maji ya mvua uko wapi, manake mvua ya Kampala ikishuka ule mfereji mkavu unakuwa mto kwa dakika chache, angalieni bodaboda wanakatiza wapi, chupa zilizovunjika, shimo la choo cha zamani. Na giza likiingia waingie ndani, mbu wa malaria wanauma zaidi usiku.

Ukishawafikisha hapo, kaa kitako. Usiwe kocha. Hii ni ngumu kwa mzazi anayelipa ada kila kitu lakini sikiliza. Wakicheza kwepena, ule wa wawili pande mbili wanarusha mpira na wa katikati anakwepa, dakika kumi za kwanza ni mabishano tu, umeguswa, sijaguswa, ulivuka mstari, mstari uko wapi. Usiingilie. Hayo mabishano ndo yenyewe. Kwa gemu ya simu kompyuta ndo refa, imeamua imeamua, mtoto hana wa kumshawishi, lakini hapa lazima amwangalie mwenzake usoni aone amekasirika kweli au anaigiza, akubali kushindwa kidogo ili mchezo uendelee, manake akikataa sana wenzake wataenda nyumbani na mpira wao. Na mwili nao unasoma, ule wa katikati anahesabu mpira unatoka wapi, kwa kasi gani, mguu gani uende kwanza, mizani ya mwili, macho na miguu vinafanya kazi pamoja. Sonko wanaruka kwa mguu mmoja, dulu, zile gololi, wanalenga kwa kidole, tapo wanakimbizana, kamba wanaruka kwa kuhesabu. Mtoto anayepanda mti anajenga bega na mkono, na huo ndo mkono utakaoshika kalamu darasani. Ataanguka, magoti yatachubuka, osha kwa maji safi na sabuni umrudishe. Hatari kubwa kama barabara na maji unaiondoa wewe mapema, ile ndogo unamwachia aipime mwenyewe.

Una mtoto asiyependa kukimbia? Wangu wa pili ni hivo, msichana wa vitabu. Usimsukume kwa mpira, mtoe tu nje na kitabu chake. Kuna utafiti ulifanyika Guangzhou, China, ukachapishwa 2015, shule kadhaa zikaongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule kwa watoto wa darasa la kwanza, zingine zikaachwa kama kawaida, baada ya miaka 3 waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30.4 kwa zile za nje na 39.5 kwa zile zingine. Wataalamu wanadhani ni ule mwanga mkali wa nje wenyewe, unalifanya jicho lisirefuke kupita kiasi. Sisi tunaoishi juu ya ikweta jua tunalo bure mwaka mzima alafu tunamfungia mtoto sebuleni na pazia. Mchezo mzuri kwa hawa wa kukaa ni omweso, chimba tu mashimo 32 ardhini, mistari minne ya nane, tafuta mbegu 64, na kama una mzee karibu yako mlete awafundishe, ni hesabu kali kuliko gemu nyingi za simu na huchezwa na mtu aliye mbele yako.

Na hapo hapo niseme, usiwaache wasichana jikoni. Nimeona nyumba nyingi, kijana ameachiliwa saa kumi, dada yake anaosha vyombo mpaka giza. Vyombo vioshwe na wote saa tisa, kisha wote watoke.

Sasa tuje kwa simu yenyewe. Panga utaratibu, nje kwanza, gemu baadaye, kila siku, na usiigeuze kuwa zawadi wala adhabu. Ukisema ukicheza nje nitakupa simu, umemwambia nje ni kazi na simu ndo mshahara. Sema tu kwetu jioni ni ya nje, baada ya kuoga ni gemu, kama vile unasema asubuhi ni chai.

Muda wenyewe usiupime kwa dakika peke yake. Hapa ndo niligombana na kijana wangu mwaka mzima kwa ujinga wangu. Nilikuwa nasema dakika 30 zimeisha zima, yeye yuko katikati ya mechi ya Free Fire na wenzake watatu, na hizi gemu za mtandaoni hazisimami, akizima anawaacha wenzake wafe na kesho shuleni wanamsema. Alilia kweli, nami nikadhani ni utundu. Kumbe mimi mwenyewe mtu akizima TV dakika ya 80 Cranes, timu yetu ya taifa, wakicheza ningefanyaje? Sasa tunahesabu mechi. Tunakubaliana mechi mbili au tatu kabla hajaanza, ikifika ya mwisho naenda kukaa karibu naye namuuliza hii ni ya mwisho eeh, anaitika kwa mdomo wake, ikiisha ananipa simu mkononi. Siku akivunja, kesho yake inapungua mechi moja, bila kelele. Saa moja kabla ya kulala simu zote zinaenda kuchajiwa chumbani kwetu, na ya kwangu inakuwa ya kwanza kuingia, manake walinikamata mara moja nasoma habari kitandani na hoja yangu ikaisha hapo.

Tena gemu zote si sawa, kwa hiyo cheza naye. Kaa chini, kubali kufungwa mabao. Utaona mwenyewe ni gani inamfikirisha na gani inamvuta tu abonyeze. Gemu zina faida, sitaki kudanganya mtu, tangu 2003 kuna utafiti ulioonyesha wachezaji wa gemu za vitendo wanakuwa na macho makini, wanafuatilia vitu vingi kwa mara moja kuliko wasiocheza. Ya kujenga kama Minecraft mtoto anapanga, anabomoa, anapanga tena. Kama una kompyuta mwonyeshe Scratch, ni ya bure, ilitoka MIT 2007, anatengeneza gemu yake mwenyewe, wangu alitengeneza kwepena ya kuku na kwa wiki mbili hakuuliza Free Fire. Kwa kasha au kwa ukurasa wa gemu tafuta namba za PEGI, mfumo wa Ulaya wa kupanga gemu kwa umri, 3, 7, 12, 16, 18, ni umri, wala hazisemi ugumu wa mchezo. Zima maongezi na watu asiowajua. Na PIN ya mobile money asiijue, hata kama ni mtoto mwaminifu, zile gemu zimetengenezwa ili aombe.

Wiki mbili za kwanza zitakuwa na manung'uniko, inachosha, nje hakuna kitu, mama jua kali. Usijibu kwa hotuba. Mtoto anayechoka kukaa bure ataanza kuokota kijiti. Kama baada ya miezi bado anaacha kula, kulala, shule na marafiki kwa sababu ya gemu na hawezi kujizuia hata akitaka, hiyo WHO imeiweka kwenye orodha ya magonjwa inayotumika tangu Januari 2022, kawaida wanaangalia hali ya mwaka mzima kabla ya kuipa jina, kwa hiyo usimwite mtoto mgonjwa kwa likizo moja, lakini pia usione haya kumwona daktari, Butabika ni hospitali ya taifa ya afya ya akili na kwenda kule si aibu.

Mvua zikianza, Machi mpaka Mei na tena Septemba mpaka Novemba, jioni nyingi zitaharibika. Radi ikipiga wote ndani. Manyunyu tu waache. Siku wamefungiwa, tengenezeni mpira wa kesho. Chukua makavera, ile mifuko ya plastiki, mazee manne au matano, yakunje yabane yawe kama ngumi, zungushia byayi, zile nyuzi kavu za mgomba, na kama huna mgomba karibu waombe wauza matoke sokoni wanazitupa, zungusha kwa kuvuta sana, kila duru inapita pembeni ya iliyotangulia mpaka mviringo utokee, alafu kamba nyembamba juu yake kwa mtindo wa wavu, fundo mbili. Wa miaka 4 anashika, wa 8 anazungusha, mkubwa anafunga. Udundisheni sakafuni. Ukienda kombo, ongezeni duru moja upande ule mwembamba.