Kanisa linataka kusaidia manesi na madaktari wakati wa janga? Anzeni na swali, sio na sufuria

Ugonjwa ukishalipuka kila mtu kanisani anataka kufanya kitu, akina mama wameshabandika sufuria, vijana wameshaanza kukata vitambaa vya barakoa, na hakuna hata mmoja aliyewauliza manesi wenyewe wanataka nini. Sisi tulianza hivyo hivyo mwaka 2020. WHO, shirika la afya duniani, wametangaza janga la corona tarehe 11 Machi, wiki chache baadaye tumejaza gari vyakula mpaka getini kwa hospitali, mlinzi katuzuia, tukarudi navyo. Na mlinzi hakuwa na kosa, hatukuwa tumeongea na mtu yeyote ndani.

Kwa hiyo cha kwanza tafuteni mtu mmoja wa ndani, mara nyingi ni muuguzi mfawidhi au mtu wa ustawi wa jamii. Na nyinyi upande wenu chagueni mmoja wa kuongea naye, maana mfawidhi akipigiwa simu na mchungaji, mwenyekiti wa kwaya na mzee wa kanisa siku moja, hapo mmemuongezea kazi tu. Muulizeni mko wangapi kila shifti, mnapumzika saa ngapi, kuna friji, vitu tuviache wapi, na nini TUSILETE. Hilo la mwisho ndio la maana kuliko yote.

Chakula sasa. Mtu aliyevaa gauni, glavu, barakoa na ngao ya uso hatoki akala akarudi kama anavyotaka, kila akitoka anavua kwa utaratibu, ananawa, akirudi anavaa upya, ndio maana wengine wanajinyima hata maji. Akipata robo saa hana muda wa kutafuta kijiko. Pakieni cha mtu mmoja mmoja, kijiko humo humo, andikeni juu kuna nini ndani na kimepikwa saa ngapi. Masinia ya kuchangia hapana, chumba cha chai ndipo barakoa zinaposhuka na watu wanakaa karibu karibu. Cha moto kikae juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, na kilichopikwa kisikae tu mezani zaidi ya saa 2. Halafu jamani shifti ya usiku! Mchana kila mtu analeta, saa nane za usiku hakuna anayekumbuka. Na mkihesabu watu msiishie kwa madaktari, hesabuni wafanya usafi, walinzi, watu wa maabara na wale wa mochwari ambao sijawahi kuona mtu akiwapelekea kitu.

Kushona: barakoa ya kitambaa haitoshi kumkinga mtu wodini, na N95, ile barakoa maalumu ya wahudumu wa afya, haishonwi kwa cherehani, ile ina kichujio chake maalumu na lazima ibane usoni bila mwanya. Ila kuna kitu kidogo kiliwafurahisha watu kuliko vyote tulivyowahi kupeleka. Dada mmoja wa kwaya ambaye ni nesi alikuja masikio yamechubuka kwa nyuma, mpira wa barakoa umekata ngozi kabisa. Mama mmoja akachukua ukanda wa kitambaa cha pamba wa kufunga kichwani, akashona vifungo viwili vikubwa vya koti, kimoja kila upande nyuma kidogo ya sikio, ule mpira unanasa kwenye kifungo badala ya sikio. Basi. Shoneni kifungo kwa uzi mara mbili, na kila mtu apewe vitambaa viwili ili kimoja kiwe kinafuliwa. Kabla ya kushona vingi pelekeni kimoja waone kama kinaruhusiwa, kila hospitali ina sheria zake. Mifuko ya kamba ya kubebea nguo chafu za kazi nayo inasaidia, inafuliwa pamoja na nguo zenyewe.

Mimi naona lakini msaada mkubwa uko nyumbani kwao. Shule zikifungwa, nesi anaenda kazini, mtoto anabaki na nani? Mkikubali kukaa na watoto wawepo watu wazima wawili wanaofahamika vizuri, asiwe mmoja peke yake. Kuna wanaokosa usafiri usiku, kuna ambao majirani wamewakimbia kwa kuogopa ugonjwa, huyo wa pili anahitaji mtu wa kumnunulia vitu na kumsalimia kwa dirishani kuliko anavyohitaji chakula.

Nanyi mjilinde. Mwenye homa au kikohozi abaki nyumbani hata kama ndiye mwenye gari. Wazee na wenye sukari au presha wapewe kazi ya simu. Timu ziwe ndogo, watu wale wale kila siku, mmoja akiugua lisianguke jiko zima. Na msiimbe mkipakia, sitanii: tarehe 10 Machi 2020 kaunti ya Skagit, jimbo la Washington kule Marekani, watu 61 walihudhuria mazoezi ya kwaya na mmoja wao alikuwa na dalili, wakahesabiwa wagonjwa 53, waliothibitishwa na waliodhaniwa.

Maombi peleka kwa meseji fupi isiyodai jibu, "tunakukumbuka leo, usijibu". Usimuulize wamekufa wangapi, usimpige picha, na usimwambie kila kitu kina sababu yake wakati ametoka kufunga macho ya mtu.

Ratiba pangeni mtakayoiweza, mara mbili kwa wiki kwa miezi sita inashinda kila siku kwa wiki mbili halafu kimya, maana janga likifika mwezi wake wa nne ndio wanakuwa wamechoka kweli na makofi ya kuwapongeza yameshaisha. Na vyombo nunueni vya kutupa, sisi tulipeleka vya plastiki vizuri vyenye majina ya wenyewe, mpaka leo kuna mama anauliza bakuli lake la bluu.