Kugawa maji ya kijito wakati wa kiangazi kabla hayajaleta vita

Januari 2005 wakulima na wafugaji waliuana Mai Mahiu, Nakuru, nchini Kenya. Maji ya Mto Ewaso Kedong yalikuwa yakielekezwa shambani huko juu, mifugo ya chini ikakosa ya kunywa. Polisi hutuliza watu, lakini hawaongezi maji. Kwenye mto Njoro, Malewa au kijito chochote, kazi ya kuzuia hayo huanza kwa kupima maji hadharani, watu wa juu na wa chini wakiwa pamoja.

Pimeni asubuhi, pampu zote zikiwa zimezimwa na mvua haijanyesha kwa siku kadhaa. Chagueni mita 10 za mto ulionyooka, pasipo dimbwi, mvutishe kamba kukatiza mto kila mwisho. Chukueni upana, kisha kina mahali patano kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, mpate wastani. Tupeni chungwa katikati, juu kidogo ya kamba ya kwanza, mhesabu sekunde tangu lipite ya kwanza mpaka lipite ya pili. Rudieni mara tano. Chupa tupu haifai, upepo huisukuma. Chungwa huzama karibu lote.

Tuseme upana ni mita 1.2, kina sentimita 15, na chungwa limechukua sekunde 25. Kasi ni mita 0.4 kwa sekunde. Zidisheni 1.2 kwa 0.15 kwa 0.4, kisha kwa 0.8, kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko yanayokwaruza chini. Mnapata mita za ujazo 0.0576, yaani lita 58 hivi kwa sekunde. Pampu ya petroli ya inchi 3, isipopandisha maji mlima, huweza kuvuta lita 15 hadi 18 kwa sekunde. Kwa hiyo pampu nne tu zinamaliza mto. Hesabu hiyo iandikwe mahali kila mtu ataiona.

Kabla ya kugawa, tengeni ya nyumbani, ya mifugo na ya mto wenyewe. Sheria ya Maji ya 2016 inatanguliza matumizi ya nyumbani, na kuvuta maji ya kumwagilia kunahitaji kibali. Ng'ombe mmoja huhitaji lita 30 hadi 50 kwa siku. Kinachobaki ndicho cha kuvutwa kwa zamu, juu na chini wakipokezana.

Zamu nyingi huharibikia kwenye saa. Kamati huandika: juu wazime saa 12 asubuhi, chini waanze saa hiyo hiyo. Lakini kwa kasi ya mita 0.4, maji huchukua zaidi ya saa nne kufika kilomita 6 chini, na yakikuta madimbwi makavu hukawia zaidi kwa sababu lazima yayajaze kwanza. Watu wa chini wanangoja mpaka saa nne na kitu, mto bado mkavu, wanaapa wameibiwa, kumbe pampu zilizimwa kwa wakati. Basi zamu ya chini ihesabiwe tangu maji yanapofika kwao. Siku ya kwanza mtu mmoja wa kila upande auandame mto kwa miguu, waandike saa ya kuzima na saa ya kufika.

Usiku ni shida nyingine: ndipo wajanja huwasha. Doria iwe ya watu wawili wawili, mmoja wa juu na mmoja wa chini. Doria ya upande mmoja huaminiwa na upande huo tu. Anayevuta nje ya zamu apigiwe simu kwanza. Akikaidi, daftari lipelekwe kwa chifu na kwa ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Vijana wasitumwe kumkatia mpira wa pampu gizani, maana atakayewakuta hatatoka mikono mitupu.