Kabla Hujawasha Moto: Mambo ya Kuzingatia Unapochoma Dhahabu Yenye Zebaki

Zebaki haiishi kwa kuchomwa. Shika hilo kabla hujagusa kiberiti. Kuni zikiungua huacha majivu, lakini zebaki ni elementi, moto hauna cha kuivunja. Ikifika nyuzijoto 357 inachemka kama maji na kugeuka mvuke usio na rangi wala harufu. Mvuke huo ukigusa kitu cha baridi unarudi kuwa matone yaleyale yanayong'aa. Kitu hicho kikiwa bomba la ritoti, yaani chombo kilichofungwa cha kuchomea na kunasa mvuke, zebaki yako umeipata. Kikiwa bati la chumba unacholala, utaivuta usiku kucha.

Haya yanamhusu mchimbaji mdogo na mchenjuaji wa Geita, Kahama, Chunya, Migori au Busia mwenye donge lake la dhahabu iliyoshikana na zebaki mkononi na mnunuzi anayemsubiri. Makadirio ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2015 yanaonyesha kuwa karibu asilimia 38 ya zebaki yote ambayo binadamu huitoa hewani inatoka kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Hakuna shughuli nyingine inayoifikia, hata uchomaji wa makaa ya mawe.

Anza mbali, kabla hata ya zebaki: punguza mchanga. Usimimine zebaki ndani ya karasha, mashine ya kusagia mawe. Mipira ya chuma inaisaga zebaki mpaka inakuwa vumbi laini la kijivu, na kila chembe inajivika uchafu isiweze tena kuungana na mwenzake. Vumbi hilo linaondoka na maji likiwa limebeba dhahabu yako ndani yake. Unapoteza zebaki, unapoteza dhahabu, na aliye bondeni anapata sumu. Pitisha mchanga uliosagwa kwenye mwalo, mfereji wa mteremko wenye zulia, kung'uta zulia kwenye beseni, kisha endelea kwa karai mpaka tani nzima ibaki kilo chache za mchanga mzito. Mchanga huo ukikauka, pitisha sumaku iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki utoe chuma cheusi. Hapo ndipo zebaki inaingia, tena kidogo, kwenye beseni, mkono ukiwa na glavu nzima isiyotoboka.

Mchanga wako ukiwa msafi sana, jiulize kama zebaki inahitajika kabisa. Wachimbaji wa Benguet, Ufilipino, wametumia boraksi, unga mweupe wa kuyeyushia uchafu, kwa miongo kadhaa. Wanachanganya boraksi na mchanga mzito kwenye chungu kidogo cha udongo, wanapuliza moto wa mkaa, uchafu unayeyuka na kuelea juu kama kioo, na dhahabu inashuka chini na kuwa tone moja. Anza na boraksi uzito sawa na mchanga. Ukiona mchanganyiko bado mzito hautiririki, ongeza hadi mara tatu. Njia hii inashindwa mchanga ukiwa mwingi au ukiwa na salfaidi (madini yenye salfa) nyingi, kwa hiyo jaribu kwanza kwa gramu chache.

Mahali. Si nyumbani, si jikoni, si uani kwenye watoto, si ndani ya mita 60 kutoka mtoni au ziwani. Wengi wanadhani kufungua dirisha kunatosha. Piga hesabu hii. Donge lililokamuliwa vizuri kwa kitambaa bado ni zebaki kwa karibu nusu ya uzito wake. Donge la gramu 20 basi lina zebaki gramu 9 hivi. Kiwango ambacho Umoja wa Ulaya unamruhusu mfanyakazi kukivuta kwa saa nane ni mikrogramu 20 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Gramu 9 zinatosha kufikisha kiwango hicho kwenye mita za ujazo 450,000. Chumba cha mita tatu kwa tatu, chenye urefu wa mita mbili na nusu, kina mita za ujazo 22 na ushee.

Hewa ya chumba hicho, kwenye nyuzijoto 20, haiwezi kubeba zebaki zaidi ya thuluthi moja ya gramu. Isiyopata njia ya kutokea inatua. Inatua chini ya bati, kwenye chandarua, kwenye godoro, kwenye ufa wa sakafu ambako ukimulika tochi kwa ubavu utaona vitone vidogo kuliko punje ya mtama. Mchana jua linapiga bati, vitone vinapumua mvuke tena. Kwa hiyo chumba kilichotumika kuchomea mara moja kinaendelea kutoa sumu miezi mingi baada ya ritoti kuhamishwa, na anayelala humo havuti moshi wowote wa kumwonya. Asilimia 80 hivi ya mvuke unaoingia mapafuni inabaki mwilini. Zebaki ya kimiminika ikimezwa inapita tumboni karibu yote bila kufyonzwa. Ndiyo maana mtu anayejisifu kwamba amewahi kuimeza na hakufa hajathibitisha kitu. Hatari yake kubwa inapita puani.

Barakoa ya kitambaa, na hata ile ya vumbi, haizuii mvuke. Inayofaa ni yenye kichujio cha mkaa maalumu wa zebaki, na kichujio kina tarehe yake ya kuisha.

Sasa ritoti yenyewe. Iwe ya chuma. Aluminiamu, shaba na shaba nyeupe zinaliwa na zebaki. Ukiunga ya kwako kwa vipande vya bomba la maji, kumbuka bomba la mabati lina zinki juu yake: lichome kwanza tupu, nje, wewe ukiwa upande upepo unakotoka, mpaka rangi ya zinki iishe, kwa sababu moshi wa zinki unaleta homa. Bomba la kutolea mvuke literemke moja kwa moja, lisiwe na shingo wala tumbo la kutuamisha zebaki. Lizungushie kitambaa kinachomwagiwa maji au lipitishe ndani ya kopo la maji. Kabla ya kuweka donge, funga kifuniko, paka udongo mfinyanzi kwenye maungio, puliza kwa mdomo kwenye bomba likiwa jipya ambalo halijaguswa na zebaki. Penye kuvuja patajionyesha kwa povu la sabuni. Funga donge kwa karatasi nyembamba au paka chaki ndani ya kikombe, vinginevyo dhahabu itanata na utaikwangua kwa bisibisi.

Ritoti mpya inabakiza zebaki kwenye kuta zake mara ya kwanza. Hapo ndipo wengi wanaitupa pembeni wakisema imekula zebaki. Haijaila, imejipaka tu, na kuanzia mara ya pili inarudisha karibu yote. Na dhahabu inayotoka ikiwa ya kahawia au nyeusi haijapungua. Ndani ya ritoti hakuna hewa ya kutosha kuchoma uchafu wa juu. Ikiyeyushwa na boraksi inarudi kuwa njano. Mweleze mnunuzi hivyo kabla hajakushushia bei.

Ncha ya bomba. Hapa soma polepole, kwa sababu hapa ndipo waangalifu wanapoungulia. Mtu ameambiwa mvuke usitoke, basi anachukua ncha ya bomba anaizamisha ndani ya ndoo ya maji, sentimeta kumi chini, na anaridhika. Moto unawaka. Kwanza hewa iliyokuwa ndani ya ritoti inatoka, ndoo inabubujika. Kisha matone yanaanza kudondoka, unayasikia yakigonga chini ya ndoo. Kila kitu kinaonekana sawa. Baada ya nusu saa matone yanakoma, mchomaji anaondoa mkaa. Sasa ndani ya ritoti hakuna hewa, kumejaa mvuke wa zebaki peke yake. Ritoti ikipoa kidogo tu, mvuke huo unajikunja kuwa kimiminika na kuacha ombwe. Ndoo imenyamaza. Ukiitazama utaona maji yanashuka pembeni mwake, na hakuna aliyeyachota. Yanapanda bombani. Yakifika kwenye kikombe cha chuma kilicho bado na nyuzijoto mia kadhaa, lita moja ya maji inataka nafasi ya lita 1,700 za mvuke, papo hapo. Kifuniko kinaruka au bomba linapasuka, na kinachotoka ni mvuke wa moto uliochanganyika na zebaki na dhahabu, usoni kwa mtu aliyeinama kutazama kwa nini ndoo imenyamaza.

Dawa yake ni kitambaa cha pamba na kamba. Ncha ya bomba ikae sentimeta mbili juu ya maji, isiyaguse kamwe. Ifunge kwa kitambaa kilicholowa, kikining'inia mpaka ndani ya maji. Matone yanapita kwenye kitambaa na kuzama. Mvuke uliochelewa unanasa kwenye unyevu. Na ritoti ikianza kuvuta, inavuta hewa kupitia kitambaa. Maji yakipungua kitambaa kikauka, ongeza. Ukilazimika kuondoka hata dakika tano, mwachie mtu anayejua haya.

Moto uanze taratibu. Ukiurusha ghafla donge linachemka kwa kishindo na kurusha chembe za dhahabu ndani ya bomba. Matone yakikoma, usiridhike. Ongeza moto kwa dakika kumi mpaka chini ya ritoti pawe pekundu hafifu, kwa sababu zebaki ya mwisho imejificha ndani ya matundu ya dhahabu. Kisha subiri. Usifungue mpaka uweze kuweka kiganja juu ya chuma na kukiacha hapo. Kufungua ritoti ya moto ni sawa na kuchoma bila ritoti, ila kwa karibu zaidi.

Pima kabla, pima baada. Donge lilikuwa gramu 20, dhahabu imetoka 11, basi ndooni tafuta angalau 8 na nusu. Ukipata 6, na si mara yako ya kwanza na ritoti hiyo, kuna mahali panavuja na umekivuta kilichovuja. Na hata dhahabu hiyo bado ina zebaki ya asilimia mbili hadi tano, ambayo itatoka dukani mnunuzi akiiyeyusha kwenye nyuzijoto 1,064. Usisimame hapo ukitazama mizani. Duka lenye bomba linalotema moshi barabarani bila kichujio limehamisha tatizo kwenda kwa muuza chakula wa mbele.

Zebaki iliyochoka, ile isiyotaka kushika dhahabu, usiimwage. Iweke kwenye chombo cha kioo, mimina juu maji ya chumvi, gramu 100 kwa lita, kisha betri ya volti 12: waya hasi uzame ndani ya zebaki, chanya kwenye kijiti cha kaboni kilichotolewa kwenye betri kuukuu ya redio, kikiwa ndani ya maji bila kugusa zebaki. Dakika 10 hadi 20 inachangamka. Fanya nje, maana inatoa gesi ya klorini. Kuyeyusha donge kwa asidi ya naitriki usijaribu: moshi wa kahawia unaoua mapafu, na maji yaliyobaki ni zebaki iliyoyeyuka kabisa.

Marudio, mchanga unaobaki baada ya kuchenjua. Kama umepita kwenye zebaki, usiuuze wala usiupeleke kwenye sianidi, kemikali ya kuyeyushia dhahabu, kabla zebaki haijatolewa. Sianidi haichagui. Inashika zebaki kama inavyoshika dhahabu, inaifanya iyeyuke kwenye maji, na zebaki ambayo ingekaa imelala mchangani sasa inasafiri. Nyingine inapanda kwenye kaboni ya kunasia dhahabu na kutoka kama mvuke kaboni inapochomwa. Iliyofika kwenye tope lisilo na hewa chini ya bwawa inakutana na bakteria wanaoigeuza kuwa methilizebaki, na hiyo mwili wa samaki hauiachii: mdogo anayo kidogo, anayemla mdogo anayo zaidi, samaki mla samaki kama sangara mkubwa zaidi. Minamata, Japani, mwaka 1956, ugonjwa ulitambuliwa kwa watu waliokula samaki wa ghuba iliyomwagiwa na kiwanda, na kina mama wenye dalili chache walizaa watoto walioharibika ubongo. Mkataba wa dunia wenye jina la mji huo, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, umetaja mambo manne ya kukomeshwa: kutia zebaki kwenye mchanga wote bila kuupunguza kwanza, kuchoma wazi, kuchoma kwenye makazi ya watu, na sianidi juu ya mchanga wenye zebaki. Na anayetumia sianidi ajue pH ya maji yake, yaani kipimo cha asidi, isishuke chini ya 10.5, ikifika 9.2, nusu yake imeshakuwa gesi ya kuua, na harufu yake si kila pua inaipata. Chokaa ya kuipandisha pH iwe tayari pembeni, si dukani.

Kibali cha kushika kemikali, kwa Tanzania, kinatoka Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kipate kabla, si baada ya kukamatwa.

Mengine ni ya kila siku. Vua pete kabla ya kushika zebaki, itainywa. Chupa ya zebaki ikae ndani ya chombo kingine, na maji kidogo juu yake. Haionekani kubwa, lakini nusu lita ina karibu kilo 7 na inatoboa mfuko wa kawaida. Ikimwagika usifagie, fagio linaivunja vunja na kuisambaza. Ikusanye kwa kadi mbili ngumu na bomba la sindano, iliyobaki kwenye ufa nyunyizia unga wa salfa. Sufuria ya donge isirudi jikoni hata ikisuguliwa kwa mchanga. Nguo za kazi zisifuliwe na za mtoto. Mjamzito na anayenyonyesha wasiwe karibu na moto huo wala wasikamue donge. Baada ya kuchoma, kifua kikibana, ukikohoa na kuhisi ladha ya chuma mdomoni ndani ya saa chache, nenda hospitali siku hiyohiyo na useme wazi kwamba ulichoma zebaki, wasije wakakutibu malaria. Mikono ikianza kutetemeka unaposhika kikombe, fizi zikivimba, usingizi ukipotea, omba kipimo cha mkojo. Kipimo cha nywele ni cha zebaki ya samaki, hakitaonyesha ya moshi.